Nakshi juu ya kito: Ufundi unaoyapa bei mawe yaliyokataliwa

KWA msafiri anayetoka Nairobi akielekea Namanga, Kitengela ndio mji mkubwa wa kwanza anaokutana nao katika Kaunti ya Kajiado. Kutoka hapo barabara hupita Isinya, mji wa Kajiado na Bisil kabla ya kufika mpakani. Ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Longido nchini Tanzania, kuna kijiji kiitwacho Mundarara ambako huchimbwa jiwe lisilo la kawaida: mwili wake ni wa kijani kibichi, na ndani yake mmetapakaa mabaka ya yakuti nyekundu.

Wataalamu wa miamba huliita anyolaiti. Jina hilo lilitokana na neno la Kimaasai linalotaja rangi ya kijani, na jiwe lenyewe limejulikana ulimwenguni tangu miaka ya hamsini ya karne iliyopita. Hata hivyo, sanamu, bakuli na vidani vingi vya jiwe hilo vinavyouzwa katika masoko ya ng'ambo vilipata sura yake katika karakana za mbali kama vile za Ujerumani, India na Uchina. Jiwe lenye jina la Kimaasai hupambwa na watu ambao hawajapata kuikanyaga nchi ya Wamaasai.

Je, ni ufundi gani huo walio nao wenzetu, na kijana wa Kitengela anaweza kuupata kwa njia gani? Makala haya yanaeleza kazi ya kutia nakshi juu ya mawe yaliyokwisha kung'arishwa, hatua zake, hatari zake na faida yake kwa mchimbaji mdogo ambaye kila siku hubaki na ndoo ya mawe yasiyotakiwa na mnunuzi.

Hasara ya miaka elfu moja

Mtindo huu wa kuuza jiwe ghafi na kuwaachia wengine mapambo si wa jana. Katika karne ya 11, msomi al-Biruni aliandika kitabu kuhusu mawe ya thamani. Humo alieleza kwamba fuwele iliyokuwa ikichongwa katika mji wa Basra ililetwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi, vikiwemo vile vya Zanj. Zanj ni jina ambalo Waarabu wa enzi hizo waliita pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Wakati uo huo, mafundi wa Cairo waliokuwa chini ya utawala wa Wafatimi walikuwa wakichonga majagi ya fuwele yenye kuta za unene wa milimita chache tu, wakiyatia nakshi za ndege, wanyama na majani. Wako wanahistoria wanaoamini kwamba sehemu ya fuwele waliyoitumia ilitoka huku kwetu. Jagi moja la aina hiyo, lililohifadhiwa katika hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice, limechorwa jina la Khalifa al-Aziz, aliyetawala tangu mwaka 975 hadi 996.

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika tena mnamo mwaka 2008. Januari mwaka huo, jagi la Kifatimi lilipelekwa katika mnada mdogo nchini Uingereza, likadhaniwa kuwa chombo cha divai cha Kifaransa cha karne ya 19, na kukadiriwa kati ya pauni 100 na 200. Ukweli ulipojulikana, jagi lilo hilo liliuzwa Oktoba na kampuni ya Christie's jijini London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Fuwele ni jiwe lililoenea duniani. Kilicholipiwa mamilioni hayo, pamoja na umri wake, ni mkono uliolichonga.

Biashara hiyo ilikwenda pande zote mbili. Wanaakiolojia waliofukua miji ya kale ya pwani, kama vile Kilwa na Shanga, wamepata shanga za akiki zinazohusishwa na mafundi wa Gujarat nchini India, ambako mji wa Khambhat umesifika kwa karne nyingi kwa kazi hiyo. Kwa ufupi, wazee wetu walikuwa wauzaji wa mawe ghafi na wanunuzi wa mawe yaliyopambwa.

Kukata, kung'arisha na kutia nakshi

Ili kuuelewa ufundi huu, ni vyema kutenganisha kazi tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza ni kukata, yaani kulipa jiwe umbo kwa msumeno na gurudumu. Ya pili ni kung'arisha, yaani kuondoa mikwaruzo hatua kwa hatua hadi uso wa jiwe urudishe mwanga kama kioo. Ya tatu, ambayo ndiyo maudhui yetu, ni kutia nakshi: kuchora, kuchonga au kupachika pambo juu ya uso ambao tayari unang'aa.

Katika kazi mbili za kwanza fundi huweza kusahihisha. Akikata vibaya, atapunguza jiwe kidogo. Aking'arisha vibaya, atarudi hatua moja nyuma. Lakini anayechora juu ya jiwe lililokwisha kung'aa hana pa kujificha. Chombo kikiteleza kwa upana wa unywele, mkwaruzo huo utaonekana na kila atakayelitazama jiwe.

Mtu anaweza kuuliza: Kwa nini basi kuhatarisha jiwe zuri? Jibu ni kwamba jiwe zuri halihatarishwi. Tsavoraiti safi ya Taita Taveta au tanzanaiti ya buluu iliyokolea kutoka Mirerani hukatwa nyuso, hung'arishwa na kuachwa hivyo, kwa sababu huuzwa kwa karati, ambayo ni sehemu ya tano ya gramu, na kila chembe inayochongwa ni fedha inayomwagwa. Nakshi ni tiba ya mawe yaliyokataliwa: yenye mawingu ndani, yenye nyufa ndogo, yenye rangi mbili au yenye madoa. Mawe hayo, ambayo ndiyo mengi katika machimbo yoyote, huuzwa kwa kilo au hutupwa. Fundi hodari huligeuza doa kuwa jicho la ndege, na wingu kuwa ukungu wa mlima.

Lijue jiwe kabla ya kushika chombo

Somo la kwanza la mwanafunzi si mashine bali ni tabia za jiwe. Mwaka 1812 mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Mohs, alitunga kipimo cha ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Marumaru, ambayo huchimbwa Kajiado, iko karibu na 3. Chuma cha kisu ni kama 5 na nusu. Tanzanaiti ni kati ya 6 na 7. Akiki na fuwele ni karibu 7. Yakuti ni 9. Na almasi ni 10. Kanuni ni moja tu: kigumu hukwaruza kilaini. Ndiyo maana karibu vyombo vyote vya mchongaji wa vito hupakwa unga wa almasi.

Hata hivyo, ugumu si nguvu. Tanzanaiti ina upande mmoja ambako hupasuka kwa urahisi kama ukuni unaopasuliwa kwa kufuata nyuzi zake. Topazi, ambayo ugumu wake ni 8, nayo ina udhaifu huo. Fundi asiyetambua mkondo huo wa kupasuka atachonga siku tatu na kulipoteza jiwe kwa mguso mmoja wa siku ya nne.

Joto nalo ni adui. Chombo kinachozunguka bila maji hulipasha jiwe moto mahali pamoja, na jiwe likipata moto upande mmoja huku upande wa pili ukiwa baridi, hupasuka. Tanzanaiti ni dhaifu mno kwa jambo hili, hivyo haifai kupashwa moto ovyo hata wakati wa kuibandika kwa nta kwenye kijiti cha kushikia. Gundi ya baridi ni salama zaidi.

Kwa sababu hizo, fundi hulitazama jiwe kwa lenzi inayokuza mara 10, akaliloweka ndani ya maji na kulimulika kwa taa kutoka ubavuni. Maji huondoa mng'ao wa juu na kuzifichua nyufa zilizo ndani. Kila ufa hutiwa alama, na mchoro hupangwa ama kuukwepa au kuutumia.

Mfano mzuri wa subira hiyo ni wa Bernd Munsteiner, fundi Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki mwaka 2024. Alipopewa jiwe la akwamarini lililochimbwa Brazili, alitumia miezi minne kulichunguza na kuchora michoro kabla ya kulikata kwa miezi sita. Matokeo yake ni kito kiitwacho Dom Pedro, chenye karati 10,363 na urefu wa sentimita 35, ambacho tangu mwaka 2012 kinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian jijini Washington. Kati ya miezi kumi ya kazi, minne ilikuwa ya kutazama.

Hatua za kazi

Mwanafunzi hapaswi kuanza na kito. Vipande vya marumaru vinavyobaki baada ya mabamba kukatwa vinatosha kabisa kwa miezi ya mwanzo. Ni laini, uso wake ni mpana, na kosa lake halimfilisi mtu. Mkono ukiisha kuzoea, anaweza kuhamia akiki, ambayo ni ngumu lakini haina mkondo wa kupasuka. Anyolaiti huja baadaye, kwa sababu tutakayoieleza.

Hatua ya kwanza ni kuhamisha mchoro kwenye jiwe. Penseli ya kawaida na kalamu ya wino havifai, kwani maji ya kupozea huvifuta mara moja. Mafundi hutumia kijiti cha alumini au shaba kilichochongwa ncha. Chuma hicho laini huacha mstari wa fedha au wa dhahabu ambao hauondoki kwa maji.

Hatua ya pili ni kuchonga mistari ya mpaka. Chombo kinachotumika ni ncha ndogo ya almasi inayozungushwa na mota. Ncha hizo ni za aina mbili. Ziko zilizopakwa almasi kwa nje tu, ambazo ni rahisi kwa bei lakini huisha upesi. Na ziko zilizochanganywa almasi mwilini mote, ambazo ni ghali ila hudumu kwa muda mrefu. Anayeanza atumie za kwanza, maana ataziharibu nyingi.

Ipo tofauti ya mikono pia. Mafundi wengi wapya huliweka jiwe mezani na kulisogezea chombo. Lakini katika mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, ambao kazi yake kwa karne kadhaa imekuwa vito, wachongaji hukifunga chombo mahali pamoja na kulipeleka jiwe kwenye chombo kwa mikono miwili. Namna hii ni ngumu kujifunza, lakini humpa fundi utulivu zaidi, kwa sababu viwiko vyake vyote viwili huegemea meza.

Hatua ya tatu ni kuchimba kina. Fundi huondoa jiwe kidogo kidogo, bila kukandamiza. Almasi haihitaji nguvu. Inahitaji muda na maji. Ukisikia sauti ya jiwe ikibadilika kutoka mvumo mwororo hadi mlio mkali, simama: aidha maji yamepungua au ncha imeisha.

Hatua ya nne ndiyo inayotenganisha fundi na mbabaishaji, nayo ni kung'arisha ndani ya michirizi. Fundi hutengeneza vijiti vya mbao ngumu au mwanzi, huvichonga vifanane na umbo la mchirizi, kisha huvipaka unga wa almasi. Huanza na unga wenye chembe kubwa, hufuata wenye chembe ndogo, na kuendelea hivyo hadi ule ulio laini kama poda. Kwa akiki na fuwele, oksidi ya seriamu hutosha kumaliza kazi. Kwa yakuti, almasi pekee ndiyo itakayofaa. Kila anapobadilisha unga, fundi huosha jiwe, mikono na meza, na huwa na kijiti chake kwa kila unga. Chembe moja kubwa ikibaki itakwaruza kazi ya wiki nzima.

Sasa ni rahisi kuona kwa nini anyolaiti ni mtihani. Sehemu yake ya kijani ina ugumu wa 6 na nusu, ilhali mabaka ya yakuti ni 9. Ukitumia msasa wa kawaida, kijani kitaliwa na yakuti itabaki imechomoza kama vipele. Dawa yake ni kutumia almasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, juu ya sehemu ngumu isiyobonyea, na kuhakikisha kwamba vyombo ni vikali wakati wote. Aliyeishinda anyolaiti hatashindwa na mawe mengi mengine.

Mbinu za waliobobea

Baada ya hatua hizo za msingi, zipo mbinu tano ambazo mafundi wa hali ya juu huzitumia.

Ya kwanza ni kupambanisha mng'ao na ukungu. Uso wa jiwe huachwa uking'aa, na mchoro huachwa bila kung'arishwa ili uonekane mweupe kama pumzi juu ya kioo. Ni mbinu nyepesi kuliko zote, na huweza pia kufanywa kwa kupuliza unga wa oksidi ya alumini kupitia karatasi ya kubandika iliyokatwa maumbo, ndani ya sanduku lililofungwa.

Ya pili ni kuchonga kwa ndani, kama inavyofanywa katika pete ya muhuri. Hapa maandishi huchongwa kinyumenyume ili yasomeke sawasawa muhuri unapogongwa. Akiki imependwa kwa kazi hii tangu kale kwa kuwa nta haigandi juu yake.

Ya tatu ni kinyume cha hiyo: umbo huachwa likichomoza na jiwe la kando huondolewa. Mbinu hii hung'aa hasa katika akiki yenye matabaka, mathalan jeupe juu ya jeusi. Fundi huchonga sura katika tabaka jeupe na kusimama pale pale tabaka jeusi linapoanza. Akipitiliza, sura itakuwa na shimo shavuni.

Ya nne ni kuchonga kutoka nyuma ya jiwe linalopenya mwanga, kama fuwele. Mtazamaji hutazama kutoka mbele na kuona umbo likielea ndani ya jiwe. Hapa akili inapaswa kufanya kazi kwa kupinduka: sehemu inayotakiwa kuonekana karibu na mtazamaji ndiyo inayochimbwa kwa kina zaidi, na ile inayotakiwa kuonekana mbali huguswa kidogo tu. Munsteiner aliisifia mbinu hii kwa vitendo, na nyota zinazoonekana kuelea ndani ya Dom Pedro zimechongwa nyuma ya jiwe.

Ya tano ni kutia njumu, neno ambalo Waswahili wa pwani wamelitumia tangu jadi kwa kazi ya kupachika chuma au pembe katika mbao. Katika mawe, fundi huchimba mfereji mwembamba mdomoni na mpana kidogo chini, kisha huujaza uzi wa fedha au kipande cha jiwe la rangi nyingine kilichokatwa kwa kipimo hicho hicho. Kielelezo maarufu zaidi duniani ni Taj Mahal, mjini Agra, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1632. Maua yake ni ya vito vilivyopachikwa katika marumaru nyeupe. Marumaru ya Kajiado iliyotiwa njumu ya anyolaiti ya Longido ni kazi inayoweza kufanywa na karakana ya watu wawili.

Vumbi linaloua

Uzuri wa kazi hii usimfumbe mtu macho. Akiki na fuwele ni silika tupu, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Baada ya miaka kadhaa husababisha ugonjwa wa silikosisi, ambao huyafanya mapafu kuwa magumu, humfanya mgonjwa ashindwe kupumua, na humweka katika hatari kubwa ya kifua kikuu. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa. Tafiti zilizofanywa Khambhat, mji ule ule uliotuletea shanga, zimeonyesha kwamba wasagaji wa akiki wamekuwa wakiathirika, na hata jamaa zao ambao hawakugusa jiwe, kwa kuwa kazi hufanyiwa nyumbani.

Kinga ya kwanza ni maji. Usisage jiwe kavu hata kwa dakika moja. Ya pili ni kifuniko cha pua na mdomo kilichotengenezwa kuzuia vumbi laini, leso haitoshi. Ya tatu ni usafi: tope linalobaki chini ya mashine lisiachwe likauke, kwa maana likikauka hurudi kuwa vumbi. Lizolewe likiwa bichi. Karakana isiwe chumba cha kulala wala jiko, na nguo za kazi zisichanganywe na za watoto.

Aidha, maji na umeme havipatani. Ni bora mota ikae mbali na juu, ipeleke mzunguko kwenye chombo kupitia mhimili unaonyumbulika, na waya zote zipitie swichi ya usalama inayokata umeme hitilafu inapotokea. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima. Yeyote atakayekushauri utie ukungu kwa asidi ya haidrofloriki, usimsikilize: asidi hiyo hupenya ngozi, hufika mifupani na huweza kuua. Kwa anayeajiri wenzake, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka awalinde.

Mahali pa kujifunza na sheria zake

Kwa mkazi wa Kajiado, shule mashuhuri iliyo karibu iko ng'ambo ya mpaka. Kituo cha Jemolojia Tanzania, kilichoko Arusha, hufundisha ukataji na ung'arishaji wa vito pamoja na uchongaji wa mawe. Hapa nchini, serikali ilijenga kituo cha vito mjini Voi, Kaunti ya Taita Taveta, kwa nia ya kuwawezesha wachimbaji kuyaongezea mawe yao thamani kabla ya kuyauza. Masonara nao wasisahaulike. Aliyekwisha kuzoea kuchora fedha ana nusu ya ufundi mkononi.

Kuhusu sheria, Sheria ya Madini ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1940, inawatambua wachimbaji wadogo na inamtaka anayefanya biashara ya madini awe na leseni. Anayevuka Namanga kutafuta anyolaiti anapaswa kununua kwa njia halali na kupata stakabadhi. Tanzania ilianzisha masoko rasmi ya madini mwaka 2019, na jiwe lisilo na karatasi ni magendo hata kama lilinunuliwa kwa nia njema. Mnunuzi wa ng'ambo naye siku hizi huuliza jiwe limetoka wapi kabla ya kuuliza bei.

Funzo la vioo

Huenda msomaji akasema kwamba nakshi ni anasa, na kwamba mteja hutaka jiwe tu. Jibu liko papo hapo Kajiado. Ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, msanii Nani Croze alianzisha karakana ya Kitengela Glass, ambayo kwa miongo kadhaa imekuwa ikitengeneza madirisha, shanga, bilauri na mapambo kwa vioo vikuukuu. Mwanawe, Anselm Croze, aliendeleza kazi ya kupuliza kioo cha moto. Malighafi yao ni kitu ambacho wengine wamekitupa, na bado jina la Kitengela limefika mbali kwa sababu ya kazi hiyo.

Tena, kulitia jiwe umbo si kazi ngeni katika ardhi hii. Huko Olorgesailie, katika kaunti iyo hiyo, kumepatikana mashoka ya mawe yaliyochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miaka 320,000 hivi iliyopita watu wa mahali hapo walitumia mawe meusi ya volkano yaliyotolewa umbali wa makumi ya kilomita, kwa sababu walijua kwamba hilo ndilo jiwe lifaalo. Waliyachagua kabla ya kuyachonga.

Anayetaka kuanza leo hahitaji kito. Anahitaji kipande cha marumaru, ncha chache za almasi, ndoo ya maji, kifuniko cha pua, na mwalimu wa kumwambia lini asimame. Miezi ya kwanza hataingiza chochote, na mawe kadhaa yatamvunjikia mkononi. Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Pete zenyewe tumezinunua kwa wengine kwa miaka elfu moja, ilhali mawe yake yamekuwa yakitoka kwetu.